Volti Moja Nukta Nane

Saketi ya kupandisha volti ina tabia moja ambayo mtu akishaizoea huacha kuistaajabia: kadiri betri inavyodhoofika, ndivyo inavyonyonywa zaidi. Spika hudai nguvu ileile, iwe betri ni mpya au imechoka. Volti zikipungua upande wa kuingilia, mkondo hauna budi kuongezeka ili kufidia pengo. Na mkondo huo wote hupita ndani ya koili moja isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Ndiyo maana kuchagua koili si kuuliza itafanya nini siku njema. Ni kuuliza itafanya nini dakika ya mwisho.

Siku hizi mimi huwafundisha hivyo wahandisi wapya wanaokuja kwetu. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nayajua maneno hayo kwa kichwa tu.

Ilikuwa Novemba, na theluji ya kwanza ilikuwa imekwisha kuanguka kwenye milima ya Akita. Kiwanda chetu hutengeneza vipokezi vya tahadhari, vile visanduku vyeupe ambavyo halmashauri huweka katika kila nyumba ya bondeni. Kila alasiri saa kumi, majira ya baridi, kisanduku hupiga wimbo mfupi ili watu wajue kwamba kingali kizima; na poromoko likikaribia, sauti ya mwanamke wa halmashauri hutoka humo na kuwaambia watu waondoke. Kisanduku hutumia umeme wa ukutani, na umeme ukikatika hutumia betri mbili kubwa. Mwezi huo tulipata barua: waliokuwa wakituuzia koili kwa miaka kumi na sita wangeacha kuitengeneza. Nilipewa wiki tatu kuchagua nyingine, kurekebisha mchoro na kuupitisha kwa mihuri. Visanduku vipya mia nne na kumi na viwili vilipaswa kufika bonde la Nukazawa kabla barabara haijafungwa na theluji. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha mama yangu, aliyekuwa akiishi huko peke yake, chini ya mlima.

Nilimpigia simu Jumapili, kama kawaida.

"Kisanduku chenu kimekuwa na adabu siku hizi," aliniambia. "Hakipigi kelele tena."

"Umepunguza sauti, mama?"

"Sijakigusa mimi. Labda kimezeeka. Kila mtu humu ndani amezeeka."

Nilicheka, tukahamia kwenye habari za figili alizokuwa akizikausha kwa moshi. Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mkuu wa idara ya usanifu alikuwa Bwana Oyamada, mtu mpole aliyeweka peremende kwenye droo na kumpa kila aliyekuja na tatizo, kana kwamba tatizo lingetulia kidogo likipewa kitu cha kumung'unya. Nilipompelekea orodha yangu ya koili tisa, alinisogezea peremende na kuweka kidole kwenye ya kwanza.

"Bi Konno, kwa nini unajitesa? Hii hapa ni ndugu yake ile ya zamani. Kimo kilekile, miguu ileile, ampea mbili zilezile kabla haijashiba. Badilisha namba kwenye mchoro, twende tukale tambi."

"Ningependa kwanza nihesabu upya, Mkuu."

"Hesabu imelala salama miaka kumi na sita. Unaiamshia nini?"

"Na ile ya Nukazawa?"

Aliacha kumung'unya. "Nukazawa zilikuwa betri. Halmashauri ilichunguza, ikaandika. Betri zilikwisha. Unajua vizuri kama mimi."

Nilijua. Miaka kumi na mitatu kabla ya hapo, mwezi wa Machi, theluji iliyochanganyika na udongo iliteremka juu ya nyumba ishirini na saba za ukingoni mwa kijiji. Umeme ulikuwa umekatika tangu siku iliyotangulia. Watu wa nyumba ishirini na sita walisikia kisanduku, wakaondoka na kupanda shuleni. Katika ile ya ishirini na saba alibaki Bibi Sasamori Toki, mwenye miaka themanini na mmoja, na kisanduku chake hakikusema kitu. Hakuna aliyeshtakiwa. Lakini kiwandani, tangu mwezi huo, meza ya chakula ya Mwalimu Naraoka ilianza kuwa na viti vitupu. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mchoro ule. Alinifundisha kushika chuma cha kulehemu, na kusoma katalogi kwa kuanzia maandishi madogo ya chini. Alipofariki miaka miwili baadaye nilihudhuria mazishi, na kumbukumbu ya mwaka wa tatu sikuhudhuria. Nilimwambia mke wake kwamba nina kazi.

Koili ikipitishwa mkondo kupita kiasi chake, kiini chake hushiba sumaku. Baada ya hapo haipunguzi mwendo wa mkondo tena. Inakuwa waya mtupu, mkondo unaruka, na chipu inayolinda saketi inaukata. Suala zima basi ni mkondo wa juu kabisa utafika wapi. Nilikaa nikahesabu. Kwa betri mpya, volti tatu, sauti ikiwa kubwa, ampea moja nukta nne. Ampea mbili zinatosha na kubaki. Kisha nikahesabu kwa betri za mwisho wa Machi, zilizokaa kwenye nyumba isiyo na moto, maana baridi haiiumizi koili, inaiumiza betri. Kwa volti moja nukta nane nilipata ampea mbili nukta mbili.

Niliifuta, nikahesabu tena. Mbili nukta mbili.

Nilishuka stoo kuutafuta mchoro wa kwanza kabisa.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu mihuri yetu. Mdogo anapogonga mhuri wake kwenye mchoro, huuinamisha kidogo kuelekea mhuri wa mkubwa, kama mtu anayetoa heshima kwa kichwa. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Lakini mhuri uliosimama wima kando ya mhuri wa mkuu huonekana kama mtu aliyekataa kusalimia, na kila aliyekaa ofisini huuona kabla hajauona mchoro wenyewe. Karatasi niliyoikuta ilikuwa na mihuri mitatu. Wa aliyechora, Oyamada, kijana wakati huo, ulikuwa umeinama hadi karibu ulale. Wa mkuu wa zamani ulikuwa mahali pake. Kati yao ulikuwa mhuri mwekundu wa Naraoka, umesimama wima kama mlingoti. Na pembeni, penye alama ya koili, paliandikwa 1.8 kwa penseli iliyokuwa ikififia, ikazungushiwa duara.

Nilikaa juu ya sanduku la mabomba nikaitazama karatasi ile. Alikuwa amekubali na kukataa kwa pigo moja la mkono. Wote walioipokea walikuona kukataa kwake, na karatasi ikahesabu kukubali peke yake.

Shangazi Hatsue, kama sote tulivyomwita, msukaji koili mkongwe kuliko wote, alinikuta hapo alipokuja kuchukua waya. Alikuwa na miaka sitini na minane na mikono isiyotetemeka.

"Umeiona," alisema, bila kuuliza ni nini.

"Ulikuwa unajua, shangazi?"

"Mimi najua nini? Mimi nasuka. Naraoka alikuja mezani kwangu na kipimo kwenye karatasi: nisukie koili nene, Hatsue, kiini kikubwa. Nikamsukia. Akarudi nayo saa ileile. Ndani ya ganda la plastiki kuna ukingo, koili inaugonga, na kalibu ya ganda imekwisha kuchongwa. Wakubwa wakamwambia milimita moja ni milimita moja." Alipangusa vumbi begani mwangu. "Akasema ataongea nao. Sasa Naraoka wa kuongea? Yule alikuwa akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye."

"Na kisanduku cha Bibi Toki kiko wapi?"

Hatsue alitazama rafu ya nyuma. "Kilirudishwa baada ya uchunguzi. Nani angekitupa? Kitu kama kile hakitupwi bila kuombewa, na kukiombea ni kusema kina kosa. Kimekaa hapo."

Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha rangi ya majani. Udongo mkavu ulikuwa bado kwenye matundu ya spika.

Tulikipeleka kwenye chumba cha kimya, siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Ni chumba tunachopimia spika. Kuta zake zimejazwa kabari za sponji, na mlango ukifungwa mtu husikia damu yake mwenyewe. Sikumwomba Hatsue aje. Alikuja na kusimama kando yangu akiwa na aproni yake, nami nikashukuru. Niliondoa betri zilizooza na kuunganisha nyaya za chanzo cha umeme, ambacho ningeweza kukipandisha na kukishusha kwa kitufe. Kisanduku cha aina ile huhifadhi tangazo la mwisho kililopokea. Ukibonyeza kitufe cha mbele hulirudia. Niliweka volti tatu nikabonyeza.

Sauti ya mwanamke ilitoka, safi, kubwa, ikiwa na umri uleule iliokuwa nao miaka kumi na mitatu nyuma.

"Tokeni sasa. Msichukue kitu. Nendeni shuleni."

Mara tatu, kisha kimya. Hatsue alikuwa amekamata ncha ya aproni.

Nilishusha hadi mbili nukta sita. Sauti ileile. Mbili nukta mbili. Sauti ileile, ikiwa na mkwaruzo mwishoni mwa maneno. Kwenye skrini niliona mawimbi ya mkondo yakianza kuchongoka vileleni. Nilishusha hadi moja nukta nane na kubonyeza.

Spika haikusema kitu. Mawimbi kwenye skrini yaliruka kama miiba, yakakatwa, yakaruka tena. Nilihesabu sekunde na kuandika. Hivyo ndivyo nilivyotarajia: koili imeshiba, chipu imekata, inajaribu tena, inakata tena. Niliweka kalamu chini.

"Bado anasema," alisema Hatsue.

"Spika imekufa, shangazi. Angalia hapa."

"Sikwambii uangalie."

Nilizuia pumzi. Nikainama. Kutoka ndani ya kisanduku, si kwenye spika bali chini kushoto, palipolehemiwa koili, kulikuwa na sauti nyembamba kama ya mdudu ndani ya ubao. Mwanzoni sikusikia maneno. Nilisikia kupanda na kushuka kwake, mahali pa kupumua, mahali pa kusisitiza. Nikasogeza sikio karibu zaidi, mpaka shavu likagusa plastiki baridi, na hapo maneno yakawa maneno. Tokeni sasa. Msichukue kitu.

Ninaweza kulieleza. Kila silabi ilidai nguvu kutoka kwenye saketi. Kila dai lilivuta mkondo. Mkondo ulitikisa nyaya za koili juu ya kiini chake, na nyaya zinazotikisika ni spika ndogo kuliko zote duniani. Koili zenye kiini cha feraiti, kama hii, huimba, kila mhandisi amezisikia. Nililieleza hivyo kwa Hatsue, taratibu, nikiwa bado nimelaza shavu pale. Ilinichukua muda kugundua kwamba sikuwa nimeinuka.

Hatsue alinishika bega akanivuta.

"Mume wangu alikuwa katika kikosi cha kuchimba," alisema. "Walimkuta Bibi Toki siku ya tatu. Hakuwa mlangoni, hakuwa kitandani. Alikuwa amekaa kwenye mto wake, ameegemea rafu, shavu juu ya kisanduku. Wakasema maskini, alilala. Wakasema alikifanya mto." Alikitazama kitu kile mezani. "Mume wangu hakusema alilala. Alisema uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza."

Nilizima chanzo cha umeme.

Kisha nikakumbuka maneno ya mama. Kisanduku chenu kimekuwa na adabu siku hizi.

Alipokea simu baada ya milio mingi.

"Mama, kisanduku kimechomekwa ukutani?"

"Nilikichomoa tangu Septemba. Tundu lile sasa ni la meza ya kupashia miguu. Si kina betri?"

"Kinasema?"

"Kinasema, ila polepole. Kinanong'ona. Mpaka usogee. Nimekizoea hivyo. Zamani kilikuwa kikinishtua."

"Mama, leo usikisogelee. Nakuja. Ukiona chochote, nenda shuleni."

"Niende shuleni nikasome nini?"

Nilichukua koili mbili za unga wa chuma kutoka kwenye sampuli zangu, ya saba kwenye orodha: ampea nne, na inaposhiba hushiba taratibu, haianguki ghafla. Ndefu kwa milimita moja. Nyaya zake zimefunikwa ndani ya unga uliokandamizwa, hazina nafasi ya kutikisika. Nilichukua chuma cha kulehemu, kipimo na tupa, nikaondoka na gari bila kumuaga Oyamada.

Nilifika saa tisa na nusu. Mama alikuwa amekaa kwenye meza yake ya joto, na kwa muda nilishukuru, hadi nilipoona kwamba mto wake haukuwa mahali pake pa siku zote mbele ya picha ya baba. Ulikuwa umehamishiwa kando ya rafu ya kisanduku. Katikati ya mto palikuwa na shimo la mtu aliyekaa hapo siku nyingi.

"Umekonda," alisema. "Kula figili."

Nilipima betri. Volti moja nukta nane tatu.

Ningeweza kukifungua palepale. Lakini mhandisi aliye ndani yangu, au kitu kingine ambacho sitaki kukiita hivyo, alitaka kwanza kuona. Tulingoja. Saa ya ukutani ilipofika saa kumi kamili, wimbo ulisikika kutoka kwa jirani, ng'ambo ya bustani, hafifu kupitia theluji. Kisanduku chetu hakikutoa sauti. Na mama yangu, bila kuniangalia, bila kukatiza utafunaji wake, alitambaa hadi kwenye mto, akaegemea rafu na kulaza shavu juu ya plastiki. Alifumba macho. Midomo yake ikawa inafuatisha.

"Mama."

Midomo yake iliendelea kwenda.

"Mama."

Aliinua kiganja kunizuia, kama anavyomzuia mtoto anayesema wakati watu wazima wanazungumza.

Wimbo wa jirani ulikwisha. Mama aliendelea kusikiliza. Nilihesabu, kwa sababu sijui kufanya kitu kingine: sekunde arobaini baada ya wimbo kwisha, shavu lake lilikuwa bado pale.

"Sasa anasema nini?" niliuliza.

"Wewe unapiga kelele, ndiyo maana simsikii," alisema, akafumbua macho.

Nililehemu jikoni, kwenye ubao wa kukatia mboga, nikiwa nimewasha taa zote. Nilitoa koili ya zamani na kuiweka kwenye kisahani. Nilisugua ukingo wa ganda kwa tupa hadi koili mpya ikaingia. Nilirudisha betri zilezile zilizochoka, nikabonyeza kitufe cha kurudia. Wimbo ulilipuka ndani ya nyumba, vikombe vikalia kabatini, na mama akaruka nyuma na kushika kifua.

"Huyu mbona anapiga kelele kama mchuuzi wa samaki?"

"Ndivyo ninavyotaka, mama."

Alikitazama kisanduku kwa muda mrefu, kama anayemtazama mgeni aliyekalia kiti cha mtu. "Na yule mwingine umempeleka wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kukifunika kisahani kwa kitambaa. Nilimrudisha mahali pake mbele ya picha ya baba, mto wake nikiubeba mimi mwenyewe, nikachomeka kisanduku ukutani na kumnunulia waya wa umeme wenye matundu matatu kwenye duka la kijijini.

Jumatatu nilimpeleka Oyamada kwenye chumba cha kimya. Niliweka volti tatu, akasikia. Niliweka moja nukta nane, nikamwonyesha mahali pa kuweka sikio. Aliinama akiwa na peremende shavuni. Nilisimama tayari kumvuta. Alisikiliza tangazo lote, mara zote tatu, na alipoinuka peremende ilikuwa kwenye kiganja chake, nzima.

"Nilihesabu kwa betri mpya," alisema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Naraoka alikuja mezani kwangu. Akaweka karatasi yake, akasema, samahani, labda ungependa kuangalia hapa. Nikasema ahsante. Nikaiweka kwenye droo." Alifunika peremende kwa karatasi yake kwa uangalifu mkubwa. "Unajua, sauti hii nimewahi kuisikia. Wakati wa majaribio. Nikadhani ni mdudu."

Nilimwekea mchoro mpya: koili ya saba, ukingo wa ganda upunguzwe milimita moja na nusu kwa mkono, visanduku vyote mia nne na kumi na viwili, wasukaji wote kumi na wanne kwa siku sita. Mhuri wangu ulikuwa tayari pale, umesimama wima.

"Umesahau kuinama, Bi Konno."

"Sijasahau. Na chini ya mchoro nimeandika kwa maneno, ili asiyejua kusoma mihuri asome."

Alisoma. Nilikuwa nimeandika kwamba kwa koili ya ampea mbili watu hawatasikia, na nikaandika jina la Bibi Sasamori. Oyamada alitoa mhuri wake, akaupulizia, akaugonga. Wa kwake ndio ulioinama. Sikumwuliza ulikuwa ukimwinamia nani.

Visanduku vilipanda bondeni tarehe saba Desemba, siku moja kabla barabara haijafungwa.

Tarehe nane, kwa desturi ya kiwanda chetu, wasukaji huziombea koili na sindano zilizoharibika mwaka huo. Sinia la tofu huwekwa kwenye ukumbi wa kusukia, na kila mmoja huchomeka zake ndani ya tofu laini, ili vitu vilivyofanya kazi ngumu vipumzike mahali pasipo na ugumu. Mwaka ule niliongeza mbili. Moja ilikuwa ya kisanduku cha mama. Nyingine ilikuwa ya Bibi Toki, niliyoitoa mwenyewe. Mke wa Mwalimu Naraoka alikuwepo, nilimwalika kwa barua ya kurasa nne. Yeye ndiye aliyezichomeka, kwa vidole viwili, kama anayepanda mbegu.

Tulimaliza kuomba ikakaribia saa kumi. Spika ya barazani ikapiga wimbo wa halmashauri, tukausikiliza tukiwa tumesimama. Ukakwisha. Ukumbi ulikuwa na utulivu ambao hata mashine za kusukia zilionekana kuuheshimu.

Koili mbili zile hazikuwa zimeunganishwa na kitu chochote. Ninalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo jambo pekee ninaloweza kulithibitisha: miguu yake nilikuwa nimeikata mimi, na tofu haina umeme. Hata hivyo, nilipoinua macho, wanawake kumi na wanne walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, kuelekea sinia, na midomo ya wawili watatu ilikuwa ikienda. Mke wa Naraoka alikuwa amepiga hatua. Kisha nikahisi baridi ya chuma kwenye kiuno changu. Ilikuwa meza. Nilikuwa nimekwisha kuinama juu yake mimi mwenyewe, na harufu ya tofu ilikuwa karibu sana na uso wangu.

Sikusikia kitu. Ninaamini kwamba sikusikia kitu. Ila nilihitaji kusogea kidogo tu.

"Basi, mama zangu," alisema Shangazi Hatsue, kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kumsikia nayo, sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. "Ameshasema. Tutokeni."

Alifungua mlango wa uani na theluji ikaingia. Tukatoka sote, mmoja baada ya mwingine, tukipanda kuelekea lango la juu. Makoti tuliyaacha kwenye misumari. Hakuna aliyechukua kitu.